Utepe wa Njano Unasema Kisoro

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Kisugu, Blandine alivaa begi lenye madumu ya maji na kwenda kupanda kilima cha Muyenga. Alifungua mlango polepole ili asiwaamshe wadogo zake, akakutana na wenzake wa klabu ya kupanda milima kwenye lango la shule, kisha wote wakamfuata Mwalimu Odera. Watu waliokuwa wakifungua maduka waliwatazama na kutabasamu. Mama mmoja mwenye kibanda cha chapati aliwauliza kila mara kama mabomba ya huko juu yamekauka, hata watoto wawapandishie matajiri maji. Lakini waliposhuka, wamelowa jasho, huyo huyo aliwawekea benchi kivulini wapumzike.

Maji yale hayakuwa ya mtu. Yalikuwa mzigo tu, ili mabega yazoee. Muhula ukiisha, watoto sita wa klabu wangesafiri hadi Kasese kupanda Milima ya Rwenzori. Hawangefika kileleni, kwa maana hiyo ni kazi ya watu wazima wenye kamba na mashoka ya barafu. Wangelala kibanda cha kwanza, kisha cha pili, na huko, ukungu ukikubali kusogea, mtu huiona theluji kwa macho yake.

Kwa Blandine safari hii ilikuwa na uzito mwingine. Mama yake, Mama Esperance, alizaliwa ng'ambo ya milima hiyo, upande wa Kongo, katika kijiji ambacho asubuhi njema ukifungua mlango unauona weupe kule juu. Vita vilipokuja alikimbia na mtoto mgongoni, na mtoto huyo alikuwa Blandine.

"Niliuona mlima ule utoto wangu wote, wala sikuugusa hata siku moja," Mama alimwambia jioni moja wakikunja vitenge. "Wewe utaugusa. Utakuja uniambie baridi yake ikoje."

Kukunja vitenge ndiyo iliyokuwa kazi ya jioni nyumbani kwao. Mama Esperance aliuza vitambaa, na kila wiki alituma furushi kwa dada yake Perpétue aliyeolewa Kisoro, mbali kusini magharibi. Blandine alikunja, Mama akapanga, na mwisho wa yote Mama alichukua utepe mwembamba wa kitambaa cha njano akaufunga juu ya furushi kwa fundo lenye masikio mawili. Utepe huo ndio uliokuwa muhimu kuliko vyote. Kwenye stendi ya mabasi hakuna anayesimama kusoma majina. Mabasi yanaunguruma, mvua inanyesha, mizigo inarushwa kutoka mkono hadi mkono. Kila mfanyabiashara ana alama yake, na wapakiaji wanazijua alama hizo kama wanavyojua nyuso za watoto wao. Gunia lenye kamba nyekundu lilikwenda Arua. Furushi lenye utepe wa njano lilikwenda Kisoro, hata kama mwenyewe hayupo.

"Utepe huu si kamba," Mama alipenda kusema. "Huu ni mdomo. Unasema Kisoro. Usiufunge kwenye kitu kisichokwenda Kisoro."

Wiki ya safari ilipofika, akina mama wa kanisani kwao walileta kazi ya mikono yao. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamefuma glavu na kofia za sufu kwa watoto wote sita na mwalimu wao. Mmoja wao alikuwa mgonjwa, akafumia kitandani. Mwalimu Odera alizipokea kwa mikono miwili. Alieleza kwamba waongozaji wa mlimani humkagua kila mtu, na asiye na nguo za baridi haruhusiwi kuvuka lango. Alieleza pia kwamba waongozaji wangewasubiri asubuhi ya siku ya pili tu. Wakichelewa, vibanda vyao wangepewa wageni wengine, na klabu ingengoja mpaka mwaka mwingine. Blandine, ambaye mwaka mwingine angekuwa amemaliza shule ya msingi, alilisikia hilo vizuri.

Glavu na kofia zote ziliwekwa katika begi moja kubwa la kijani. Mwalimu alilikabidhi kwa Blandine, kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona akiweka madumu chini kabla ya kufika juu.

*

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akimwogesha mtoto mdogo. Gari la shule lilipiga honi barabarani. Blandine alivuta zipu ya begi la kijani kwa haraka, na zipu ikapasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Glavu zikachungulia nje.

Alitazama huku na huku akitafuta kamba. Hakuona kamba. Aliona kikapu cha Mama, na ndani yake tepe za njano zimezungushwa vizuri. Gari lilipiga honi tena. Blandine alichukua utepe mrefu, akaufunga kulizunguka begi kwa fundo alilolizoea, lenye masikio mawili, akakimbia nje. Alijiambia kwamba ni kwa njiani tu, na kwamba begi litakuwa mikononi mwake wakati wote.

Stendi ilikuwa imejaa matope na watu. Mwalimu Odera aliwapanga watoto kando ya basi la Kasese na kuwapa agizo moja. Kila mmoja asimame na mzigo wake mpaka auone kwa macho yake ukiingia chini ya basi. Mpakiaji wa zamu aliitwa Okeny, kijana mrefu aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Alipoona watoto wanatetemeka, alivua gunia alilojifunika kichwani, akafutia benchi lililolowa, akawaambia wakae kwa zamu. Mvua ikampiga yeye.

Aoko, rafiki yake Blandine, hakuwa na mpango wa kukaa. Harufu ya mayai na chapati ilikuwa imemfikia. "Twende tununue roleksi," alisema, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. "Foleni ya mizigo ni ndefu kama ya sindano za hospitali. Tutarudi kabla hawajafika kwetu."

Blandine alilitazama begi. Kisha aliliweka kando ya gurudumu, akaenda.

Waliporudi, wakitafuna, begi halikuwepo pale chini. Mizigo mingine ya klabu nayo haikuwepo. Yote ilikuwa imepakiwa. Basi, Blandine alidhani, na langu limepakiwa. Mwalimu alipouliza kama kila mmoja amesimama na mzigo wake, watoto wote waliitika kwa pamoja, na sauti ya Blandine ilikuwamo.

*

Basi halikuondoka. Abiria waliingia, wakakaa, wakafungua madirisha, wakayafunga. Hatimaye Mzee Dawudi, msimamizi wa mabasi ya kampuni ile, alipanda ngazi akiwa na mwavuli na kuwaambia habari. Mvua ya usiku ilikuwa imelichukua karavati moja la kupitishia maji chini ya barabara, upande wa Mubende. Magari hayapiti. "Bambi, poleni," alisema, nao walimwona kwamba kweli anawasikitikia. Aliwaomba wavumilie hadi ijulikane kama kuna njia nyingine.

Mwalimu Odera hakukunja uso. Aliwaambia watoto kwamba mlima huanzia nyumbani, na kusubiri ni sehemu ya kupanda. Josias, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliuliza kama basi wanaloketi ndilo kibanda cha kwanza. Walicheka. Mwalimu alimwomba Okeny afungue sehemu ya mizigo ili watoe mkate na chai ya chupa, na hapo ndipo alipoanza kuhesabu mabegi yao kwa macho.

Begi la kijani halikuwepo.

Walitoa kila kitu. Walitoa magunia ya watu wengine, magodoro, ndizi, hata kuku mmoja aliyekuwa amefungwa miguu. Begi la kijani halikuwepo. Mwalimu alimgeukia Blandine na kumuuliza kwa upole kama alisimama nalo.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Blandine. "Niliona likipakiwa."

"Lilikuwaje, mwambie Okeny."

"La kijani. Kubwa. Zipu yake imeharibika."

Okeny alifikiri, akatikisa kichwa. Alisema hakumbuki kushika begi kama hilo asubuhi ile. Watu walianza kukusanyika, na kama ilivyo kawaida ya watu waliochoka kusubiri, walipata la kufanya. Mmoja alisema wapakiaji ndivyo walivyo. Mwingine alisema mwaka jana alipotelewa na redio. Mwalimu Odera, ambaye darasani hapandishi sauti, aliipandisha. Alisema mtoto ameliona likipakiwa, na mpakiaji ni mmoja, basi begi limekwenda wapi?

Mzee Dawudi alimwambia Okeny avue kizibao akae pembeni mpaka jambo lieleweke. Kila aliyekuwa pale alijua maana yake. Mpakiaji asiye na kizibao hapati kazi kwenye stendi ile, wala kwenye stendi nyingine yoyote mjini.

Okeny hakubishana. Alivua kizibao chake, akakikung'uta maji, akakikunja kama mtu anavyokunja nguo ya kanisani, akakiweka juu ya benchi lile alilokuwa amelifuta. Kisha alikwenda kusimama chini ya bati dogo, mikono kwapani.

Blandine alijua. Alikuwa amejua tangu wakati ule alipotaja rangi, ukubwa na zipu, na akauruka utepe. Macho ya moyo wake yaliliona begi kando ya gurudumu, na masikio mawili ya njano yakisema yalichofundishwa kusema. Lakini akisema sasa, Mwalimu angemrudisha nyumbani. Mlima wa Mama ungebaki kama ulivyokuwa, kitu cha kuonekana mlangoni na kisichoguswa.

Alikaa kwenye benchi, kando ya kile kizibao kilichokunjwa. Aliona kwamba kimeshonwa mara nyingi begani, kwa uzi wa rangi tofauti kila mara. Mtu anayetunza nguo ya kazi namna ile, alifikiri, anaihitaji kazi yake.

Aoko alikaa karibu naye. "Tulikuwa kwenye roleksi," alinong'ona. "Hukuona likipakiwa."

"Najua."

"Basi sema nusu yako. Nami nitasema nusu yangu."

Blandine alisimama. Alichukua kizibao, akavuka matope mpaka chini ya bati, watu wote wakimtazama, akampa Okeny kwa mikono miwili. Kisha alimgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, nilisema uongo. Sikusimama na begi. Nilikwenda kununua chakula. Na kuna jambo lingine sikulisema. Zipu ilipasuka nyumbani, nikalifunga begi kwa utepe wa njano wa mama yangu."

Mwalimu Odera alikuwa bado hajaelewa. Okeny alielewa kabla sentensi haijaisha.

"Utepe wa njano," alisema. "Fundo lenye masikio? Dada mdogo, mbona hukusema? Huo ni mzigo wa Mama Esperance. Niliukuta chini, nikaupakia mimi mwenyewe kwenye basi la Kisoro. Nilishangaa tu leo ni mwepesi."

Basi la Kisoro lilikuwa limeondoka zamani, kwa barabara ya Masaka, ambayo mvua haikuikata.

Aoko naye alitimiza ahadi yake. Alisema yeye ndiye aliyemvuta Blandine kwenye chapati. Mwalimu Odera alikwenda mpaka kwa Okeny, mbele ya watu wale wale waliomsikia akipandisha sauti, akamwomba msamaha kwa sauti hiyo hiyo. Alisema amemhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na kwamba mwalimu hapaswi kufanya hivyo. Okeny alivaa kizibao chake na kujibu kwamba mvua huchanganya watu.

*

Wakati huo simu ya Mzee Dawudi ililia. Alisikiliza, kisha akawatangazia abiria wote kwamba barabara ya Mubende haitafunguka leo. Basi la Kasese litazunguka kwa Masaka na Mbarara. Ni mbali zaidi, lakini watafika.

Okeny alikuwa wa kwanza kuona jambo lililokuwa ndani ya habari ile. Basi la Kisoro nalo hupita Mbarara. Kama likisimamishwa kabla halijaipita Mbarara, begi lingeachwa pale, na watoto wangelikuta njiani. Likivuka Mbarara, begi lingelala Kisoro, na waongozaji wa mlimani wasingengoja.

Mzee Dawudi alimpigia dereva. Simu iliita bila kupokelewa, na ndivyo ilivyotakiwa, alisema, maana dereva aliye barabarani hashiki simu. Namba ya kondakta hakuwa nayo, kwa sababu kondakta wa zamu ile alikuwa amebadilishwa majuzi.

Blandine alijua nani anayo namba hiyo. Alijua pia gharama yake.

"Mwalimu, naomba simu yako nimpigie mama. Yeye hutuma mizigo kila wiki. Anawajua makondakta wote wa Kisoro."

Alimweleza Mama kila kitu, kuanzia kikapu. Upande wa pili mtoto mdogo alisikika akilia. Mama hakugomba. Alisema maneno machache tu: "Kaa hapo karibu na yule kijana. Nakuja."

Alikuja na bodaboda, amejifunika kipande cha plastiki, mtoto mgongoni chini yake. Alipofika hakwenda kwa Mwalimu kwanza, wala kwa binti yake. Alikwenda kwa Okeny.

"Utanisamehe, baba," alimwambia. "Mizigo yangu umeipakia siku zote na hakuna hata mmoja uliopotea. Leo mtoto wangu amekuvunjia jina."

Okeny aliona haya, akamjibu kwamba jina limesharudishwa na aliyelivunja.

Mama alitoa simu yake, akamkabidhi Blandine na kumwonyesha namba. "Wewe ndiye uliyelituma Kisoro," alisema. "Wewe ndiye utakayelirudisha. Piga."

Blandine alipiga. Simu haikupatikana. Alipiga tena, haikupatikana. Mama alimweleza kwamba kuna sehemu nyingi barabara ile zisizo na mtandao, na kwamba basi husimama Lyantonde ili watu wapate kula, na hapo kondakta huwasha simu. Lini lingefika Lyantonde, hakuna aliyejua. Kwa hiyo Blandine alipiga bila kuacha. Wenzake walipanda basi wakakaa. Yeye alisimama mlangoni, simu sikioni. Josias alimletea kipande cha mkate, akakishika mkono mwingine bila kukila. Mwanamke mmoja aliyeuza maji alimkinga na mwavuli wake bila kuombwa. Dereva wa Kasese alipasha injini moto. Blandine alipiga tena.

"Haloo, Mama Esperance," kondakta aliitika.

Maneno yalimtoka Blandine yote kwa pamoja. Kondakta alimwomba ayarudie taratibu. Nyuma yake vilisikika vyombo na watu wanaoagiza nyama ya kuchoma. Alipoelewa alicheka sana. Alisema alidhani Mama Esperance ameacha vitenge na kuanza biashara ya mito ya kulalia. Begi angeliacha kwenye ofisi ya vifurushi ya Mbarara, na jina la Blandine angelitaja kwa mdomo wake.

Watoto ndani ya basi walikuwa wakisikiliza. Blandine alipogeuka na kuwaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, walipiga makofi juu ya viti mpaka dereva akauliza kama wanataka kuvunja gari.

Lakini jambo moja lilikuwa bado. Mama Esperance alimwambia Mwalimu kwamba, akiona inafaa, Blandine abaki nyumbani, hatalalamika. Mwalimu Odera alisema uamuzi si wake peke yake. Alimwita Okeny na kumuuliza yeye angependaje.

Okeny alimtazama Blandine, na simu iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Mimi kazi yangu ni mizigo," alisema. "Mzigo wake ungali njiani. Aende akaubebe."

Ikawa hivyo. Mwalimu aliamua kwamba begi la kijani, lote, Blandine atalibeba peke yake kutoka Mbarara hadi kibanda cha pili, juu ya mzigo wake mwenyewe, na hakuna atakayempokea.

*

Mbarara walifika mvua ikiwa imekwisha na jua limetoka. Karani wa vifurushi aliuliza ni nani Blandine, akamtazama kwanza, kisha akatoa begi chini ya meza. Utepe wa njano ulikuwa bado umefungwa, masikio yake yamelegea kwa maji. Karani alikuwa ameziegemeza glavu zilizochungulia nje na kulowa karibu na dirisha zikauke.

Kasese waliingia wamechoka, na asubuhi walikuwa kwenye lango la mlima. Mwongozaji alikagua glavu na kofia, akasifu mikono iliyozifuma, akawapitisha.

Njia ya Rwenzori si kama ya Muyenga. Ni matope, mizizi na madaraja ya miti, na mvua ambayo haiulizi kama umepumzika. Begi la kijani, ingawa jepesi, likiwa juu ya mzigo wake lilimvuta Blandine nyuma kila hatua. Siku ya pili, kwenye mwinuko mkali wa mawe, alikaa chini na kulia kidogo. Aoko alirudi akakaa naye. Hakuruhusiwa kumpokea begi, kwa hiyo alimshika mkono tu, wakapanda hivyo, mmoja akivuta, mwingine akisukuma ardhi kwa miguu.

Asubuhi baada ya kibanda cha pili, ukungu ulisogea. Haukusogea kwa muda mrefu. Ulitosha kuona, mbali juu ya miamba myeusi, mstari mweupe uliong'aa kama kitu kilichotoka kufuliwa. Blandine alivua glavu moja. Theluji ilikuwa mbali mno kuifikia, lakini kando ya kibanda kulikuwa na jiwe lililofunikwa na umande ulioganda usiku. Aliliwekea kiganja, akakiacha hapo mpaka kikauma, ili asije akasahau akaeleza vibaya.

*

Muhula mpya ulipoanza, Blandine aliwaomba akina mama wa kanisani wamfundishe kufuma. Alifuma na kufumua, akafuma tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda, kwa sababu juu ya kilima unajua umefika, lakini glavu inaweza kukudanganya mpaka dole gumba la mwisho.

Siku ya furushi la Kisoro, alimfuata Mama mpaka stendi. Ilikuwa mvua tena. Okeny alikuwa kazini, na Blandine alimpa alichokuwa amekiviringisha ndani ya gazeti. Zilikuwa glavu za mtu mzima, za rangi ya machungwa kama kizibao, za kushikia mizigo asubuhi za baridi. Dole gumba moja lilikuwa refu kuliko jingine.

Okeny alizivaa, akainua mikono, akachezesha lile dole refu.

"Hili nitalitumia kuonyesha njia ya Kisoro," alisema, na wapakiaji wenzake wakacheka, akacheka nao. Siku ile hakuzivua.

Mama Esperance alimpa Blandine utepe wa njano afunge furushi mwenyewe. Blandine alifunga, fundo lenye masikio mawili, akasimama pale pale mpaka akaliona furushi likiingia chini ya basi na mlango ukafungwa. Walipokuwa wakiondoka, Mama alimshika bega.

"Mwanangu, nimefikiri sana juu ya siku ile," alisema. "Begi halikupotea. Utepe ulisema Kisoro, na begi likaelekea Kisoro. Utepe ulisema kweli, na Okeny aliusikiliza. Aliyenyamaza ni wewe, na kwa kunyamaza kwako mtu mwema alivuliwa nguo yake mbele ya watu. Makosa ya haraka humpata kila mtu, hata mimi. Lakini kosa ukilitaja mapema, watu hupata pa kuanzia kulitengeneza. Umeona mwenyewe. Uliposema, njia ikafunguka."

Blandine aliitika kwamba ameona. Kisha Mama akamwomba amweleze tena jinsi baridi ya mlimani ilivyokuwa. Alikuwa ameshaelezwa mara nyingi. Blandine aliushika mkono wa mama yake, akauweka kwenye chuma kilicholowa cha basi la Kisoro, akamwambia, "Zaidi ya hivi. Na haiondoki upesi."

Mama aliuacha mkono wake pale, akafumba macho, akatabasamu.